Majina ya Watu wa Meli

Nilikuwa soja, mlinzi wa majengo, kwa miaka sita, minne Nairobi na miwili Dubai, na kama kuna kitu nilichokiweza kazini kuliko wenzangu, ni kuandika kitabu. Kila lindo lina kitabu chake cha matukio, sisi tulikiita OB. Kila saa unatakiwa uzunguke jengo, ukague milango, kisha urudi uandike ulichokiona. Hakuna anayezunguka kila saa. Unaketi mwanzo wa zamu, unachukua kalamu, unaandika saa zote kumi na mbili kwa mpigo: saa moja, hali shwari, saa mbili, hali shwari, saa tatu, gari la maji liliingia, hali shwari. Hilo gari la maji ndilo ufundi wenyewe. Kitabu kisicho na tukio hata moja humtia msimamizi wasiwasi, kwa hiyo unachomeka kijitukio kidogo kisichomdhuru mtu. Wenzangu walinisifu mkono wangu mwepesi. Kuna siku niliwapikia na wao vitabu vyao, wakaninunulia soda.

Naeleza haya mapema ili mtu asije akadhani nilichomfanyia Bibi kilinitoka kwa bahati mbaya. Ilikuwa kazi niliyoizoea.

Usoja niliuacha kwa sababu ya magoti. Katika duka kubwa nililolinda Dubai, mtaa wa Al Barsha, unasimama zamu nzima ukitabasamu kwa watu wasiokuona, na jioni unapanda basi la kampuni huku miguu imevimba kama maandazi. Rafiki yangu mmoja akaniambia kuna familia ya Kizanzibari huko mtaa wa Al Baraha inatafuta mwanamke wa kumtunza mama yao, na sharti lao kubwa ni ajue Kiswahili. Mama mwenyewe alikuwa amepita miaka themanini. Aliishi huku tangu ujana wake, Kiarabu alikisema kama wenyeji, lakini kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kurudi kwenye lugha yake. Binti yake alikuwa mfanyakazi wa ofisi, akitoka asubuhi na kurudi magharibi. Huyo nilimwita madam mpaka mwisho. Mchana kutwa tulibaki wawili, mimi na yule mama, niliyemwita Bibi, gorofa ya tatu, na kiyoyozi kilichokuwa kikikohoa kuliko yeye.

Siku ya kwanza alinisikiliza nikijieleza, mimi na Kiswahili changu cha Kakamega, akacheka mpaka akashika kifua.

"Kiswahili chako, mwanangu, kimevaa viatu vya mvua."

"Na chako, Bibi, kimejipaka manukato."

Tukapatana papo hapo.

Baba yake Bibi alizama baharini yeye akiwa na miaka mitano. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Meli ndogo ya serikali ilitoka Unguja kwenda bandari za kusini huko bara, ikiwa na barua, magunia na watu, na njiani ikakutwa na tufani ya namna ambayo visiwani walikuwa wakiisikia kwa masimulizi tu. Upepo ule uling'oa mapaa hadi mjini, alisema. Meli ikapanda mwamba, ikapasuka. Siku kadhaa baadaye serikali ikabandika tangazo ukutani. Nahodha Mzungu alitajwa kwa jina. Fundi wa mitambo kwa jina. Bwana mmoja wa forodha na mkewe, kwa majina. Kisha ukafuata mstari mmoja wa mwisho: na abiria wa sitaha, wenyeji. Khalas. Baba yake alikuwa ndani ya mstari huo.

Mama yake alikaa eda, akatimiza siku zake. Alipotoka, hakwenda kwa jamaa wala sokoni. Alivaa buibui akaanza kupita mlango kwa mlango mtaani kwao, akiuliza ni nyumba gani iliyopoteza mtu kwenye ile meli. Akakusanya majina thelathini na nne. Yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na karatasi ikapotea miaka mingi baadaye, familia ilipovihama visiwa mbiombio. Lakini kufikia hapo Bibi alikuwa ameyahifadhi yote, kwa mpangilio wa nyumba, kuanzia ile iliyo karibu na kisima. Kila mwaka khitma ya baba yake iliposomwa, Kurani ikishamalizwa, yeye ndiye aliyeyataja moja moja, na wanawake wakaitikia amin. Watu wale hawakuwa na makaburi. Kutajwa ndiko kuzikwa kwao, aliniambia.

Sasa alikuwa mzee, na alitaka majina yale yaandikwe kabla hajaondoka nayo. Madam alipendekeza amrekodi kwa simu. Bibi alikataa katakata. Sauti ya maiti haitakiwi kubaki nyumbani ikisemasema, alisema, andikeni kama watu wanavyoandika. Basi madam akanunua daftari la jalada la kijani, akanikabidhi.

"Kila siku baada ya Asri," akasema. "Moja au mawili tu, asichoke. Na kila jina na habari zake."

"Sawa, madam."

Wiki ya kwanza niliifanya kazi hiyo kwa haki. Niliandika majina tisa kwa herufi kubwa, na nyumba zao, na kila mtu alikuwa akienda kufanya nini. La baba yake lilikuwa la nne. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho yake yenye mtoto wa jicho yakitazama mahali ambapo mimi sikupaona, na kila alipotaja jina alisubiri kidogo.

"Ushaandika?"

"Nishaandika, Bibi."

"Kalamu yako ina mlio mzuri," alisema siku moja. "Naisikia."

Wiki ya pili nikachoka, na sitasingizia ugonjwa. Saa kumi na moja jioni ya Dubai ni saa kumi ya nyumbani, na saa kumi ndipo binti yangu alipotoka shule na mama yangu akampa simu. Alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa saa moja tu kwa siku, na saa hiyo ndiyo Bibi aliyoichagua kwa ajili ya watu wake waliokufa. Nikaanza kuweka simu katikati ya daftari lililofunguliwa. Kidole gumba kikawa kinamjibu binti yangu, mkono mwingine ukachora mistari ili kalamu itoe mlio. Bibi akasema, mimi nikaitikia. Siku moja aliniambia nimsomee jina la mwisho, nikamtajia lile nililokuwa nimelisikia muda huo huo, na baada ya dakika tano nilikuwa nimelisahau.

Habari zao hazikuniponyoka zote. Nakumbuka mtu aliyekuwa amebeba kioo kikubwa kwa ajili ya harusi ya mwanawe, akakifunga kwa mikeka mitatu. Nakumbuka ndugu wawili waliokuwa wamenuniana, kila mmoja akakata tiketi yake bila kujua mwenziwe anasafiri. Nakumbuka mtu wa nyumba ya mwisho kabla ya msikiti, aliyetakiwa kusafiri wiki iliyotangulia, jino likamuuma, akaahirisha. Watu nawajua. Majina ndiyo sina.

Na sikuona kama naharibu kitu, hilo ndilo linaloniumiza. Hesabu yangu ilikuwa ya kisoja. Khitma ilikuwa inakaribia, Bibi angeyataja yote kwa mpangilio kama kila mwaka, nami siku hiyo ningekaa nyuma ya mlango wa jikoni niyaandike yote thelathini na nne kwa mpigo, kama zamu. Kulikuwa na haja gani ya kuzunguka jengo kila saa?

Karibu mwezi mzima tulikwenda hivyo. Alipofika nyumba ya mwisho alishusha pumzi ndefu, akaniita nikae karibu, akanishika kichwa akaniombea dua. Aliniombea mimi, na mwanangu, na mama yangu. Nilisema amin. Mistari yangu ya kuchorachora ilikuwa imejaza nusu ya daftari.

Wiki tatu kabla ya khitma kifua kikambana Bibi. Tulimpeleka hospitali siku ya Jumatatu, na Jumatano adhuhuri akafa, madam akiwa ameshika mkono mmoja na mimi nimeshika unyayo wake, kwa sababu ulikuwa wa baridi.

Nililia kweli. Nataka lijulikane hilo pia, japo silisemi ili nipunguziwe.

Baada ya maziko madam alinifuata jikoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Kesho kutwa tunamsomea Mama khitma," akasema. "Tutaiunganisha na ya babu. Mwaka huu hayupo wa kuyataja majina, nitayasoma mimi kwenye daftari. Yapo yote?"

Nafasi ya kusema ilikuwa pale, pana kama mlango wa gereji. Angenikasirikia, pengine angenifukuza. Lakini siku ile bado kulikuwa na wazee wa kupigiwa simu, Maskati, Unguja, Mombasa, na pengine tungeokota matano, pengine kumi.

"Yapo, madam," nikasema. "Nipe mpaka kesho niyanakili vizuri, mwandiko wangu ni mbaya."

Kesho yake asubuhi, nyumba ikiwa na wageni wa kupika, nilijifungia chumbani kwangu nikapika kitabu. Nilianza na yale tisa ya kweli. Kisha nikaongeza ishirini na tano. Nilimwandika mwenye duka la pembeni anayetuletea maji ya kunywa. Nilimwandika fundi cherehani wa Bur Dubai aliyenipunguzia sare, masoja wawili wa Mombasa niliofanya nao kazi Al Barsha, na dereva wa teksi aliyewahi kunirudishia mkoba. Majina ya baba nikayachanganyachanganya, la huyu nikampa yule. Na gari la maji sikulisahau: hapa na pale nikaongeza nyumba, nikaongeza kazi, huyu muuza mkaa, yule mwalimu wa chuo cha Kurani. Nilipomaliza niliyahesabu mara mbili. Yalikuwa thelathini na nne. Yalipendeza kuliko ya kweli.

Khitma ilisomwa. Sebule ilijaa wanawake na moshi wa udi, kahawa ikazungushwa, na madam akasimama na karatasi. Mimi nilikaa mlangoni mwa jikoni. Hakuna aliyeshtuka. Kwa miaka yote hiyo waliitikia amin kama watu wanavyoitikia, bila kuyasikiliza, na kumbe hata madam alikuwa hajapata kuyasikiliza. Muuza maji akatajwa, akaombewa rehema na kaburi pana. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa ameacha chupa nne mlangoni kwetu.

Kisha mgeni mmoja akapiga ukelele.

Alikuwa mama wa makamo, jirani wa zamani wa familia huku Dubai, sasa anakaa Bur Dubai. Alikuja mpaka jikoni, akanishika mikono yote miwili. Nilikuwa nimempa mwenye duka jina la baba la yule fundi cherehani, na majina hayo mawili pamoja yalikuwa ya babu yake mgeni huyu. Ni majina ya kila siku, kila mtaa una watu watatu wenye majina hayo. Lakini babu yake alitoka nyumbani mwaka ule wa tufani akisema anakwenda kusini, asionekane tena, na mtaani wakasema amemkimbia mkewe. Bibi yake mgeni alizeeka na aibu hiyo. Mama yake naye akafa akiamini ni mtoto wa mtu aliyemkimbia.

"Kumbe alikuwamo," aliniambia, machozi yanamtiririka. "Mwanangu, kumbe maskini alikuwamo melini. Mungu akupe kheri kwa kuandika."

Nilisema amin. Kufikia hapo nilikuwa nimeizoea.

Mwezi uliofuata niliondoka. Sikuweza kukaa tena kwenye ile nyumba. Nikarudi usoja, hotelini, Al Barsha vile vile, na huko nilikuwa nazunguka jengo kila saa kweli kweli, mpaka wenzangu wakaniuliza kama nataka kupandishwa cheo. Yule mama wa Bur Dubai alinitumia salamu kila Ijumaa, picha za maua na dua. Sikuwa na uso wa kuzijibu, na sikuwa na uso wa kutozijibu, kwa hiyo nilimjibu kwa kidole gumba, kile kile.

Mwaka ukazunguka. Siku moja madam akanipigia simu, sauti yake ina furaha. Mtaani kwao huko Unguja watu walikuwa wamekubaliana kuweka ubao ukutani mwa msikiti, majina yote ya watu wa meli, hatimaye wao nao waandikwe. Fundi alikuwa tayari. Yeye alitaka tu nipitie tahajia, maana ni mimi niliyeyasikia kutoka kinywani mwa Mama.

Usingizi ulinipaa. Khitma inapita na watu wanatawanyika, lakini ubao unabaki. Niliona watoto wa mtaa ule wakisoma jina la muuza maji wa Al Baraha, na mtu wa kioo na wale ndugu wawili walionuniana wakiwa hawamo popote, mara ya pili.

Jumapili niliyokuwa na ofu, siku yangu ya kupumzika, nilikwenda kwa madam. Nilimwambia yote, kuanzia OB. Nilisema nikiwa nimesimama, kama niko kazini. Madam hakupaza sauti, na ningefurahi kama angepaza.

"Mangapi ya kweli?"

"Tisa, madam. Pamoja na la babu yako."

Akaleta karatasi na kalamu nyekundu. Nikayatia alama yale tisa. Akayatazama kwa muda mrefu, kidole chake kikishuka kwenye yale mengine.

"Na hili?" Alikuwa amelifikia jina la babu wa yule mgeni.

"Hilo nalo si la kweli."

"Utakwenda kumwambia mwenyewe. Leo hii. Mimi nitakusubiri hapa."

Nilivuka hori kwa abra, mashua ya kuvusha watu, mchana wa jua kali, nimekaa katikati ya watu wenye mifuko ya vitambaa, nikapanda ngazi za jengo la yule mama wa Bur Dubai. Alinikaribisha kwa juisi ya ukwaju. Nilimwambia kabla sijaionja. Aliuzungusha ukingo wa ushungi wake kidoleni.

"Huyo wa duka," akasema mwisho, "yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Ana watoto?"

"Watatu."

"Basi nimemlilia mwaka mzima mtu anayeuza maji." Akacheka kidogo. "Nilikuwa nimeshampigia simu dada yangu. Nilimwambia, babu hakumkimbia bibi. Sasa nimwambie nini?"

Nilimwomba msamaha. Alisema Mungu husamehe, na hakusema kama yeye pia amesamehe. Juisi niliiacha mezani.

Niliporudi Al Baraha madam alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bibi karibu na dirisha. Chai ilikuwa imepoa. Akanionyesha nikae.

"Na mimi nina kosa langu," akasema. "Miaka hamsini ameyasoma mbele yangu, nami nikawa nafikiria kahawa imetosha wageni au haikutosha. Sikulaumu peke yako. Lakini kuna jambo moja lazima ulijue."

Nikakisogeza kikombe kando.

"Tangu niko mdogo, Mama akimaliza sala ya alfajiri alikuwa haondoki juu ya mswala mpaka ayapitie yote thelathini na nne. Nilikuwa namsikia akinong'ona. Kila siku ya Mungu, hata akiwa na homa. Wewe ulipokuja na lile daftari, baada ya wiki moja akaacha. Nikamwuliza, Mama, mbona huwataji tena watu wako? Akaniambia, 'Yule mtoto anawaandika. Sasa naweza kuwatua.'"

Wazee waliobaki hawakuweza kuongeza hata jina moja, na ubao ukawekwa. Madam alinitumia picha, bila neno lolote. Ni ubao mzuri, mweupe, herufi nyeusi. Kuna majina tisa, na chini yake mstari mmoja: na wenzao ishirini na watano. Mwingereza naye aliwaandika hivyo hivyo.